Nyayo za Mwenyekiti

Mama Aneth alivua kandambili mlangoni pa ofisi ya Chama cha Maji Tupendane, kama wavuavyo wote, maana vumbi la Mpanda na kompyuta havikai nyumba moja. Bomba lake lilikuwa limekauka. Jina lake lilikuwa limefutwa kwenye mashine, na asiye na jina hafunguliwi maji.

"Kompyuta inasema aliyekufuta ni katibu," alisema Verdiana, katibu, huku akitafuna karanga. "Katibu ni mimi. Ila mimi sijakufuta."

"Sasa ni nani, mwanangu?"

"Hapa wote tunaingia kwa jina la katibu. Neno la siri lile pale kwenye kalenda, tusisumbuane."

Akaitwa fundi Fortunatus. Akalirudisha jina la Mama Aneth, kisha akaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi, akaeleza taratibu kama anayemwelekeza mtu njia. "Nimeweka mlinzi ndani ya mashine. Faili la mabomba akiligusa mtu kwa kuandika au kufuta, mlinzi anaweka kumbukumbu. Kuangalia tu, haweki. Na hizi kanuni nimezifunga, hata mimi sizigusi mpaka mashine izimwe iwashwe upya. Ila mpeni kila mtu jina lake, la sivyo mlinzi atamwona katibu tu."

"Tutawapa," alisema Verdiana. Hawakuwapa.

Mlinzi naye akatafuta pengine pa kuandikia.

Wiki haikuisha, bomba la Mama Aneth likakauka tena. Alipofika ofisini alimkuta Verdiana amepiga magoti na tambara. Nyayo za bluu, za mguu mtupu, zilitoka kwenye kiti cha mwenyekiti hadi kwenye kompyuta.

"Hazitoki," alisema Verdiana. "Nimeweka sabuni, nimeweka mafuta ya taa. Pita tu, hazichafui."

Kidole cha pili kilikuwa kimelalia kidole gumba. Mguu huo mtaa mzima wa Misunkumilo ulikuwa unaujua.

Mwenyekiti Malale akaingia, akavua viatu, akauweka mguu wake juu ya unyayo. Ukaenea.

"Ni wangu," alisema. "Nilikuwa naangalia tu."

"Kuangalia hakuwekewi kumbukumbu, mzee," alisema Verdiana. "Fundi alisema."

"Basi alikosea kuweka," alisema Malale, akaketi.

Umeme ukakatika, ukarudi, mashine ikawaka, nyayo zikaendelea. Zilitoka nje, zikavuka barabara, zikaingia uani kwa Malale, zikaishia kwenye bomba ambalo vijana wake walikuwa wanachotea maji ya kufyatulia matofali.

Mkutano wa wanachama ukaitishwa. Watu walizikagua nyayo, wakazisifu kwa kusomeka vizuri, wakampigia makofi fundi. Kisha wakamchagua Malale tena, kwani funguo za pampu anazo yeye, na anayezijua zile koki ni nani mwingine.

Siku hizi Mama Aneth huzifuata nyayo na ndoo yake mpaka uani.

"Karibu," husema Nyanzala, mke wa Malale. "Kwetu sasa mgeni hapotei."

"Hapotei kabisa, mama."

"Jaza upesi basi, matofali yanataka maji."

Mama Aneth hujaza nusu, husogea pembeni, na kushika mpira wa maji ili vijana wapite.