Mistari ya Sifael

Jumatano, tarehe 12 Machi 2003. Manyunyu yalianza alfajiri na Mlima Meru haukuonekana. Katika ofisi ya kuuza mashamba, Kijenge, sala ya asubuhi ilipokwisha, fundi Tabea aliwasha seva mpya. Faiawoli, inayoamua nani apite kuingia kwenye mtandao wa ofisi, ilianza kutuma huko kumbukumbu ya kila anayebisha.

Mstari wa kwanza ulifika saa mbili na dakika tano: "Sifael Sumari, kutoka Momela, ana jembe. Anapinga shamba lake kuuzwa. Amekataliwa."

Sifael alizikwa Januari. Tabea alikagua saa ya seva, akaikuta sahihi. Mstari ulirudi kila baada ya dakika tano, na chini ya waya wa seva tope jeusi likaanza kujikusanya. Alileta dekio.

Mwisho wa kupokea mapingamizi ulikuwa saa nne. Kwenye benchi la nje, Ndeshi, mjane wa Sifael, alikuwa akisubiri kujua kama angehama.

Meneja Philemoni alisoma kioo cha kompyuta, akafunga mlango.

"Mama Bariki," alimwambia Tabea, "mfute huyu."

"Kwenye faiawoli nimeshamfuta, bosi. Niliogopa. Ila nakala zote ziko kwenye seva."

"Basi futa na huko! Au unataka kurudi kuuza ndizi?"

"Ndizi si dhambi, bosi."

Tabea alifumba macho kidogo, midomo ikicheza. Kisha akabonyeza kitufe cha kuchapa.

Saa nne mkaguzi wa mapingamizi alipokea mistari ishirini na mitatu. Aliisoma yote, kidole kikifuata kila neno.

"Amebisha ndani ya muda," alisema. "Lakini hapa pameandikwa amekataliwa. Pingamizi lililokataliwa halijapokelewa." Akagonga muhuri. Shamba likauzwa.

Ndeshi, aliyekuwa ameitwa ndani, aliikunja karatasi ya mistari, akaitia kwenye kanga, akamgeukia Tabea.

"Mwanangu, alikuwa amevaa koti? Momela kuna baridi."

"Haiandiki nguo, mama."

Kioo kikaongeza mstari: saa nne na dakika tano. Philemoni alinyoosha mkono kwenye swichi. Tabea akasimama mbele yake, kiganja juu ya seva yenye joto, akasema kwa sauti mkaguzi na meneja wakisikia:

"Mama Ndeshi, hawa ni mashahidi. Kila atakapobisha, ataandikwa. Mimi simfuti tena."