Fundi Viatu Mama Mapacha

Programu ya kuita wagonjwa kwa daktari wa meno iliandikwa na mtoto wa kaka yake, msichana ambaye ukoo mzima ulimwita Mtaalamu. Aliiandika kwa lugha ya C, maana kompyuta ya pale ilikuwa kongwe na haikubeba kitu kizito. Mgonjwa alijiandikisha kwa jina la utani, spika ya ukutani ikalitamka.

Siku ya kwanza spika ikaita, "Fundi viatu." Mwanamume mmoja aliyevimba shavu akaingia, akachomwa sindano ya ganzi, akarudi kukaa na mkewe akisubiri ikolee.

Ikaita tena. "Fundi viatu mama mapacha."

Mwanamke aliyepakata watoto wawili akasimama. Fundi naye akasimama, si ameitwa? Mkewe akamkazia macho, kisha akawakagua wale mapacha, hasa masikio.

"Hawa ni wa nani?"

"Fiwafui," fundi akajibu, mdomo umekufa ganzi.

"Fiwafui ndiye nani?"

"Fundi viatu mama mapacha babu mcheshi," spika ikaendelea.

"Kumbe na babu yao yupo!"

Hapo kompyuta ikazima programu yenyewe. Daktari akatoka na glavu zake mkononi, akamwendea Mtaalamu kwenye meza ya mapokezi. "Mwanangu, mbona unaniozeshea wagonjwa?"

Mtaalamu, jasho likimtoka, alikuwa akipitia programu yake mstari kwa mstari. Ghafla akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Shangazi, nimetenga nafasi moja ya kuwekea jina kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ile amri ya kuunganisha maneno haifuti kitu. Inatafuta yaliyomo yanaishia wapi, inabandika mapya papo hapo. Kila mara nilitakiwa kuweka alama ya mwisho pale mwanzoni, ijue ni patupu. Sikuweka. Majina yakarundikana mpaka yakamwagika nje."

"Yaani hukusafisha chombo kabla ya mgonjwa mwingine?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ningekuwa mimi, ningeshafungiwa."

Mtaalamu akaongeza mstari wa kusafisha, na mwingine wa kupima jina kama linaenea kabla ya kuliunganisha. Akainua kichwa, akamkuta mke wa fundi mbele ya meza.

"Niandike na mimi. Mke wa fundi viatu."

"Mama, una jino bovu?"

"Wewe andika."

"Mke wa fundi viatu," spika ikaita, ikakomea hapo. Mama akatazama huku na huku ahakikishe kila mtu amesikia, kisha akaingia kwa madaha.

"Linauma lipi?" daktari akauliza.

"Hakuna. Nilitaka tu niitwe."

Daktari akamwangalia meno yote, akayasifu, halafu akamruhusu atoke kwa mlango uleule wa mbele, polepole, watu wamwone vizuri.