Herufi a Thelathini na Moja

Katika chumba cha nyuma cha jumba la makumbusho kulikuwa na mashine ya kuchapa ya zamani, nyeusi na nzito, na mwanamke mmoja aliyejua kuiamsha. Wenzake walimwita Fundi. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, na sasa aliwaonyesha wageni jinsi magazeti yalivyochapwa enzi za herufi za madini ya risasi, zile unazopanga moja moja kwa mkono mpaka neno litimie.

Jumanne moja asubuhi aliingia wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na karatasi mkononi. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Wifi yangu," alisema akijipepea na karatasi hiyo hiyo, "kadi za kwenye simu kila mtu anatuma. Mimi nataka hizi zako, ambazo mtu akipitisha kidole anazisikia. Mia mbili tu."

"Nitafurahi kumchapia mwanangu," Fundi alijibu, na alimaanisha. Kisha akaisoma karatasi.

Ilianza hivi: "Familia ina furaha kubwa sana kuwatangazia na kuwaalika ndugu, jamaa na marafiki wa karibu na wa mbali." Likafuata jina la wifi na cheo chake chote: mwenyekiti wa chama cha akina mama wafanyabiashara. Cheo hicho Fundi alishakisikia misibani, hospitalini, hata kwenye foleni ya choo cha stendi. Bwana harusi alikuwa chini kabisa, kabanwa kwenye kona kama mtu aliyekuja bila kualikwa.

Fundi akavuta sanduku la herufi, lenye vyumba vidogo vidogo, akahesabu zilizomo kwenye chumba cha a.

"Wifi, kuna jambo. Herufi hizi zilitengenezwa ng'ambo, kwa lugha ya watu wanaotumia a kwa ubahili. Sisi tunazila kama karanga. Nyingine zimesagika, nyingine wageni wametia mfukoni. Zimebaki thelathini na moja."

"Si zinatosha?"

"Sentensi yako ya kwanza peke yake inakula ishirini na saba."

Wifi akahesabu kwa kidole, midomo ikimchezacheza. Zilikuwa ishirini na saba kweli.

"Na cheo?"

"Kumi na nne. Hao wafanyabiashara peke yao sita."

Dawa ilikuwepo, na Fundi aliijua tangu utotoni: unapanga nusu ya juu, unachapa kadi zote, unazivunja herufi, yaani unazirudisha sandukuni, unapanga nusu ya chini, kadi zinapita tena mashineni. Alifungua kinywa aseme hivyo. Macho yakamtua kwenye cheo kile, akafunga kinywa.

Wakaanza kupunguza.

"Tutoe neno sana," alisema Fundi. "Na kubwa."

"Furaha isiyo kubwa? Watadhani tumelazimishwa."

"Tuseme tumefurahi. Ina a moja tu."

"Na jamaa na marafiki?"

"Jamaa ana a tatu. Tuandike njooni. Njooni haina hata moja, na kila mtu yumo."

Kilipobaki cheo, wifi aliuliza: "Nikikitoa, jina la mkwe litaingia lote?"

"Lote, na la baba yake."

"Basi kitoe. Binti yangu haolewi na chama."

Hapo Fundi aliona haya kidogo, lakini maji yalikuwa yamemwagika. Akapanga: "Binti yetu anaolewa. Tumefurahi. Njooni mle, mnywe, mcheke nasi." Chini yake akayaweka majina ya maharusi kwa herufi nene, kisha siku na mahali.

Ijumaa wifi alikuja kuchukua kadi. Binti alishaona moja ya majaribio, akasema hataki ibadilishwe hata nukta. Mambo yangeishia hapo, kama si mkuu wa makumbusho, mzee mpole asiyejua kunyamaza, kupita na kuziona.

"Nzuri mno," alisema. "Huyu Fundi wetu, kwa herufi chache hizi, angekuchapia hata gazeti zima. Anachapa nusu, anazivunja, anachapa nusu ya pili. Zamani ndivyo walivyofanya." Akaenda zake.

Fundi alianza kufuta rola la wino ambalo lilikuwa safi.

"Nusu nusu," alisema wifi taratibu. "Kumbe."

"Wifi, nilitaka kukuambia."

"Ulinizunguka mchana kweupe."

"Nilikuzunguka, nisamehe. Cheo chako kilikuwa kirefu kuliko harusi."

Wifi akaweka mkoba chini. "Nipe aproni. Kitakaa nyuma ya kadi, na nitakipanga mwenyewe."

Fundi hakubisha. Alitaka kumwonyesha jinsi herufi zinavyopangwa, wifi akamkatiza: "Naongoza wanawake mia tatu. Vichuma hivi vitanishinda?" Akapanga kama anavyoandika, akabana, akavuta mkono wa mashine kwa nguvu zote. Kadi ikatoka, maandishi yamegeuka kama kwenye kioo. Neno la kwanza lilisomeka arahsaibaynafaW.

Wakaitazama wote wawili. Wifi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na Fundi akafuata, machozi yakiwatoka.

Mara ya pili alikubali kufundishwa, mkono wa Fundi juu ya wake, herufi zikikaa kichwa chini. Cheo kikatoka sawasawa, cheusi, kimenyooka. Wifi alikiangalia kwa muda.

"Kimetoka vizuri," alisema. "Ila kadi za watu ziache nyuma peupe." Hiyo moja akaitia mkobani, nyingine zikafungwa kwenye karatasi.

Alipofika mlangoni Fundi alimwita. "Wifi, una wino shavuni."

"Uache. Nina kikao cha chama saa kumi, na nataka waniulize nilikuwa wapi."