Mguu wa Shangazi na Maganda ya Machungwa

Mtaani walimwita kijana huyu Profesa Maganda, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Kazi yake ilikuwa kwenye maabara ndogo ya utafiti, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, ambako yeye na Mkuu wake walikuwa wakitafuta dawa ndani ya taka. Taka zenyewe zilitoka kiwanda cha juisi: maganda ya machungwa, gunia kwa gunia, ambayo kiwanda kilikuwa kinahangaika pa kuyatupa. Mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na mara nyingi aliitafuta ya tatu. Yeye hakuchoka kusema kwamba miti imechoka. Kila dawa ya asili ikisifiwa, watu wanakimbilia kuchuna magome na kung'oa mizizi mpaka mti wenyewe unabaki hadithi. Kama dawa ingepatikana kwenye kitu kilichokwisha kutupwa, hakuna mti ambao ungelia.

Basi ikapatikana. Au tuseme, ilionekana kama imepatikana. Kijana aliyakausha maganda, akayasaga, akayaloweka kwenye spiriti, akachuja, akaipasha moto taratibu ili spiriti ipae ibaki rojo ya kahawia. Ndani ya rojo hiyo akachovya vikaratasi vya duara vilivyolingana na vifungo vya shati, akavilaza kwenye visahani alivyopanda vijidudu vya kuozesha vidonda. Kesho yake kila kikaratasi kilikuwa kimezungukwa na pete safi, eneo ambalo hakuna kijidudu kilichothubutu kuota. Kikaratasi cha pembeni, kilichochovywa maji matupu kwa ajili ya kulinganisha, hakikuwa na pete hata ya dawa. Vijidudu vilikipanda vikajilaza juu yake kama kwenye godoro la hoteli.

Mtu mwingine angetulia, akarudia jaribio, akanyamaza. Huyu alikwenda nyumbani kifua mbele, akamweleza shangazi yake wakiwa mezani kwamba vijidudu vimekiona cha mtema kuni, kwamba yeye na maganda yake wanaelekea kuziba midomo ya wenye viwanda vya dawa, na kwamba shangazi aanze kumshonea suti ya kupokelea tuzo. Shangazi, ambaye alikuwa fundi cherehani na ndiye aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu, alicheka mpaka akashika meza. Lakini alisikia. Shangazi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na chini ya mguu wake wa kulia, karibu na kidole kidogo, kulikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Muuguzi wa zahanati alikuwa akikisafisha kila baada ya siku moja, na kila baada ya siku moja shangazi alirudi akilalamika kwamba anasuguliwa kama sufuria.

Wiki tatu zikapita, kijana akitembea juu ya mawingu. Aliyemshusha ni Mkuu, asubuhi moja, alipokuwa akiandaa majibu yao yapelekwe kwenye maabara kubwa yakahakikiwe. Hakuwa na ubaya. Aliuliza tu, macho yakiwa kwenye karatasi, zile pete zililinganishwa na nini.

Kijana akasema na maji.

Mkuu akauliza kama rojo ilikuwa imekauka kabisa.

Hapo kijana akakumbuka kwamba haikuwa. Rojo ikikauka kabisa hung'ang'ania chupa kama gundi, na kuikwangua ni adhabu ya kumpa adui. Kwa hiyo alikuwa na mtindo wake: akiona imebaki spiriti kidogo, anazima moto, na rojo inamiminika yenyewe kwa adabu. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemkataza, maana hakuna aliyemwona. Ubaya ni kwamba spiriti inaua vijidudu hata ikiwa peke yake, na yeye hakuweka kikaratasi cha spiriti peke yake pembeni. Aliweka maji, kitu ambacho hakikuwamo ndani ya rojo.

Mkuu alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani.

"Kama ni spiriti iliyoua," alisema, "basi maganda yalihudhuria mazishi tu."

Mchana ule kijana alikwangua rojo mpaka kiganja kikatoka lengelenge, akaikausha hadi ikawa haina hata kumbukumbu ya spiriti, akapanda visahani upya: rojo kavu iliyokorogwa kwa maji, spiriti tupu, na maji. Akavifungia kwenye kabati la joto. Vijidudu havina bosi wala havina haraka, majibu ni kesho. Akafungua kabati mara nne kuangalia kitu ambacho hakikuwa na sababu ya kuonekana. Mara ya tano Mkuu akamwambia aende nyumbani kabla hajaanza kuvisomea hadithi.

Getini alikutana na jirani yao, mama ambaye mtoto wake alikuwa na upele, amebeba beseni la maganda ya machungwa. Kijana akamtania kwamba siku hizi anafuga mbuzi. Jirani akacheka, akasema ni dawa ya mtoto, shangazi amewafundisha mtaa mzima, yanachemshwa, yanatwangwa, yanabandikwa. "Wewe ndiye profesa," akamwambia, "halafu unauliza kama mgeni?"

Kijana akaingia ndani bila kuvua viatu. Shangazi alikuwa kwenye cherehani, mguu wa kulia umelazwa juu ya kigoda na kufungwa kitambaa, wa kushoto ukikanyaga peke yake. Na chumba kizima kilinukia machungwa. Huenda kilinukia hivyo kwa wiki tatu nzima, ila mtu anayeshinda ndani ya maganda pua yake huwa imestaafu bila kumwarifu.

Akamuuliza mara ya mwisho kwenda zahanati ni lini. Shangazi akasema tangu jioni ile ya suti. Aliyasema hayo akitabasamu, maana alikuwa amepanga kumshangaza: asubiri kidonda kifunge, kisha amwoneshe mguu, aseme tazama, wa kwanza kuponywa na mwanangu. Kijana akaomba aone. Shangazi akakataa, zawadi haifunguliwi kabla ya siku yake.

"Twende zahanati kesho, Shangazi. Wakiangalie tu."

"Kwa nini? Dawa yako haifanyi kazi?"

Aseme nini? Bado hakuwa na jibu, alikuwa na shaka tu, na shaka haina uso wa kumwonesha mtu. Akasema anataka kuhakikisha. Shangazi akamwambia ahakikishe huko huko maabara, mguu wake si kisahani.

"Halafu hata harufu kimeacha," akaongeza. "Zamani nilikuwa naona haya wateja wakiinama niwapime. Sasa wananiuliza natumia manukato gani."

Maneno hayo yakampa kijana nafuu, na nafuu hiyo ikamkera. Kidonda kisichonuka ni kidonda kinachopona. Labda maganda yanafanya kazi. Labda spiriti na maganda vyote vinafanya kazi, kila kimoja na zamu yake. Alikaa, akasimama. Akakunja vitambaa vya shangazi ambavyo vilikuwa vimekwisha kukunjwa. Akaenda dirishani, akarudi, akanywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo, mpaka shangazi akamuuliza kama amekalia siafu.

Asubuhi alifika maabara kabla ya mwenye duka la matairi. Akavuta mlango wa kabati, akatoa visahani, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha. Spiriti tupu ilikuwa na pete, safi, ya duara, nzuri mno kama vile inamcheka. Maji hayakuwa na kitu. Rojo kavu nayo haikuwa na kitu. Vijidudu vilikuwa vimeota mpaka ukingoni mwa kikaratasi, vikakivuka, vikaendelea na safari.

Mkuu alipofika alivitazama kwa miwani zote mbili. Hakugomba. Alisema majibu hayaendi popote, wataanza upya, na utafiti uliogundua kosa lake mapema bado ni utafiti. Kijana alikuwa anaitikia kwa kichwa, lakini kichwa chenyewe kilikuwa nyumbani, kikizunguka palepale kwenye lile neno la shangazi kuhusu harufu. Kama maganda hayaui kitu, kwa nini kidonda kimeacha kunuka?

Jibu lilimpata kwenye ngazi, akishuka. Hakikuacha kunuka. Kilifunikwa. Ganda la chungwa lingeweza kukaa juu ya panya mfu na chumba kikanukia sherehe.

Alikimbia. Kama kuna watu waliomsalimia njiani, samahani kwao.

Shangazi alikuwa na mteja, futi kamba shingoni, akimpima mabega. Kijana akasema pale pale mlangoni, akihema, kwamba maganda si dawa, kwamba alikosea, na kwamba waende zahanati sasa hivi. Mteja akacheka. Shangazi naye akacheka, akamwambia mteja asishtuke, huyu ndiye yule aliyewahi kumwambia kwamba serikali imepiga marufuku chumvi, naye shangazi akaamini, akala siku nzima chakula cha mgonjwa kisicho na chumvi. Kijana akasema leo si mzaha. Shangazi akasema hata siku ya chumvi alisema hivyo hivyo, kwa sura hiyo hiyo.

Kijana akajaribu kueleza: spiriti, vikaratasi, pete, kabati. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufanana na mtu anayeuza kitu. Shangazi alikwisha kurudi kwenye mabega ya mteja, akivuta koti lake pembeni ili apate kipimo cha kweli. Kijana akaiona ile futi kamba, akaliona lile koti.

"Shangazi, nilimpima mteja akiwa amevaa koti."

Mkono wa shangazi ukasimama hewani.

"Nikasoma namba za koti," akasema, "nikasema ni za mtu. Leo nimemvua koti nikampima tena. Hakuna mtu ndani."

Katika maisha yake ya ufundi, shangazi alikuwa amelikemea kosa hilo kwa kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyekiri kwa hiari. Akaitoa futi kamba shingoni, akaiviringisha taratibu, akamwomba mteja radhi.

"Na harufu?" akauliza.

"Ya machungwa. Hata mimi nanukia, Shangazi, na sijapona kitu."

Hakucheka yeye, hakucheka shangazi. Kijana akamshika mkono, wakatoka kuita teksi. Getini jirani alikuwa akimenya machungwa kwenye beseni lake, na kijana akamwambia asimbandike tena mtoto. Jirani akamkodolea macho ya furaha, akisubiri kichekesho kifike. Kijana akarudia. Jirani akazidi kusubiri. Ikabidi shangazi, aliyekwisha kupanda teksi, atoe kichwa dirishani na kusema, "Mwaga, mama. Mpeleke mtoto zahanati." Akamwaga.

Muuguzi wa zahanati alifungua kitambaa, akaondoa maganda yaliyotwangwa kwa kijiko cha chuma, kisha akaenda kufungua dirisha. Hakumkaripia mtu. Alisema kazi hii imempita, akaandika rufaa ya hospitali, na akamwambia dereva asizime gari. Kijana alikuwa ameona kwa chembe ya sekunde kabla muuguzi hajaziba kwa mgongo wake. Kidole kidogo kilikuwa cheusi.

Hospitalini daktari hakuzunguka mbuyu. Kidole kimekufa, kitoke leo. Mguu bado unaweza kuokolewa. Wangechelewa wiki nyingine, alisema, mazungumzo haya yangekuwa yanahusu goti. Aliondoka kwenda kuandaa chumba cha upasuaji, akawaacha wawili na ukuta wa rangi ya maziwa. Kijana akafungua mdomo. Alikuwa amepanga maneno mengi tangu kwenye teksi, yote yakiwa yamejipanga foleni kama watu wa kupokea mshahara.

"Nyamaza," shangazi akamwambia. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Na hiki cha mguuni hakikuwahi hata kujaribu."

Akageuka upande wa ukuta, akavuta shuka. Kijana alitaka kumshika bega, akaogopa, akamshika tu pindo la shuka mpaka walipokuja kumchukua.

Shangazi alipotolewa kwenye chumba cha upasuaji jua lilikuwa limehama dirisha. Mguu ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe, mnene kama mtoto aliyevikwa, lakini ulikuwapo wote, kisigino, unyayo, kifundo. Kijana aliutazama huo kwanza kabla ya kutazama uso. Shangazi alikuwa amemwona akiutazama.

Akamuuliza, kwa ulimi mzito wa dawa ya usingizi, sasa wataanzia wapi na yale magunia. Kijana akasema wataanza mwanzo kabisa: rojo ikaushwe, ilinganishwe inavyostahili, wajaribu vijidudu vingine, na inawezekana kabisa wasipate kitu, maganda yakaishia kuwa mbolea. Alisema yote bila kichekesho hata kimoja, na shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Mkipata," akasema, "usiniambie."

"Shangazi..."

"Mwambie kwanza yule mama wa miwani. Yeye ndiye aje aniambie. Aje na koti mkononi."

Akafumba macho. Kijana akavuta kiti karibu na kitanda, akaketi, akasimama, akaketi tena.