Kigoda cha Wacheza Nyoka

Mwaka ule wa mavuno mengi, chama cha wacheza nyoka cha kijiji kimoja karibu na Shinyanga kilikuwa na chatu mmoja na wagombea wawili. Chatu peke yake ndiye hakutaka ukuu.

Maige, mkuu wa chama, alikuwa amekalia kigoda chake miaka mingi. Bila kigoda kile angekuwa nani? Shamba lake lilikuwa magugu matupu. Sasa msaidizi wake, Mihayo, akawa anakimezea mate. Walisengenyana msimu mzima, kwa adabu zote, shikamoo na marahaba zikitangulia. Mwishowe wazee wa chama, kwa busara yao isiyopimika, wakaamua kwamba chatu mwenyewe achague: atakayezungukwa shingo kwa hiari siku ya ngoma ya mavuno, huyo ndiye mkuu.

Kila mcheza nyoka anajua chatu aliyeshiba hachezi. Maige alijua pia, ila alijiambia jogoo mmoja si kitu kati ya marafiki. Alfajiri ya ngoma akamlisha chatu jogoo wa mkewe, Nyamizi. Hakujua kwamba jana yake Mihayo, aliyekuja kumjulia hali chatu, alimpa mwanambuzi.

Uwanjani wapinzani wao, chama kingine cha ngoma walichoshindana nacho kila mavuno kuvuta watazamaji, walikuwa wameshavuta watu wote. Maige akavishwa chatu, mzito kama gogo. Chatu akajinyonganyonga, akamtapikia jogoo kifuani. Kisha akatoa mwanambuzi.

"Baba Limi," Nyamizi alisema taratibu, "si ulisema jogoo wangu kaliwa na kicheche?"

Watu wakaangua kicheko, wakawaacha wapinzani, wakaja mbio kutazama. Na kwa kuwa mwenye watu wengi ndiye mshindi, chama cha Maige kikatangazwa kimeshinda.

Aibu ikawatoka wagombea papo hapo. Maige alidai jogoo ndiye aliyeleta watu; Mihayo akasema ni mbuzi. Wote wawili wakakirukia kigoda, kilichowekwa pale kumngoja mkuu, wakakikalia kila mmoja kwa tako moja, huku wanachama wakigawanyika nyuma yao, hawa wa jogoo, wale wa mbuzi.

Ni Maige tu aliyemwona chatu, sasa tumbo jepesi, akiteleza kuelekea vichakani. Hatua chache tu na angemshika mkia. Lakini akiinuka, Mihayo atakikalia chote.

Akajisogeza akae vizuri.