Kampuni Iliyoketiwa Mara Tatu

Sasa sikia. Pale kwa Mzee Springi, fundi makochi, kiti hakitoki karakana mpaka yeye mwenyewe akiketie mara tatu. Na si kuketi kwa adabu kama mkwe ukweni, thubutu! Anakipa mgongo, anajitupa na kilo zake zote, puu! Mara ya kwanza anasikiliza mbao. Ya pili anasikiliza springi. Ya tatu anafumba macho, anaketi tu kama mtu aliyeshinda kutwa amesimama. Kikilia hata kidogo, kinarudi mezani. Mteja awe mlangoni na mkokoteni wake, shauri yake.

Binti yake, mtaa mzima wanamwita Stapla, maana bunduki ya stapla, ile ya kubania kitambaa kwenye mbao, haimtoki mkononi. Kazi aliijua toka hajafikia kimo cha meza, na siku hizi nusu ya makochi yanayotoka pale ni mikono yake. Sasa wiki hiyo akaja meneja wa kliniki mpya ya barabara ya pili. Akaketi kwenye kochi, akainuka, akaketi tena, akacheka mwenyewe.

"Nataka viti thelathini vya wagonjwa kusubiria. Nileteeni karatasi za usajili, mwisho Ijumaa."

Karatasi! Miaka thelathini karakana ile haijaona karatasi zaidi ya kalenda ukutani.

Stapla akashika simu, akakuta kusajili jina la biashara la mtu mmoja ni dakika kumi tu. Akajaza, akajaza, akafika penye "mmiliki", kidole kikagoma. Aandike jina lake peke yake, halafu ile miaka thelathini ya baba iende wapi? Alitaka majina mawili. Na hapo ndipo penye mfupa, kwa sababu baba hasaini.

"Nilishaapa," akasema Mzee Springi, misumari midomoni. "Mimi na mtu mwingine karatasi moja, hapana. Hata wewe, mama."

Sababu iko wazi, mtaani wanaijua. Zamani alifanya ubia na rafiki yake. Rafiki akatengeneza viti vya ukumbi peke yake, haraka haraka, hakuna aliyeviketia. Kimoja kikavunjika, mgeni rasmi akateguka kiuno mbele za watu. Rafiki akayeyuka kama chumvi kwenye maji. Waliotaka kulipwa fidia wakamfuata aliyebaki, wakabeba cherehani yake, wakabeba na kabati la mkewe.

"Twende ukasikilize tu, baba," Stapla akabembeleza. "Kusikiliza si kusaini."

Jirani yao, fundi baiskeli, hana dogo, akadakia: "Nenda, mzee! Ukipanda zile ngazi, kitambi nacho kitapata msaada."

Basi Jumanne wakapanda, ghorofani juu ya soko, kwenye dawati la ushauri wa biashara ndogo. Huduma bure. Mshauri ni mama mmoja, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Mzee hakukaa kwanza, alikitikisa kiti cha wageni.

"Hiki aliyekitengeneza alikuwa na haraka."

"Kivumilie hivyo hivyo, mzee wangu," mama akacheka. Akawaelezea njia zao. Jina la mtu mmoja, ni rahisi, ila biashara ikianguka inakuangukia wewe mwenyewe. Ubia, mwenzio akiharibu na wewe umo. Hapo Mzee akaguna. Tatu, kampuni.

"Hiyo kampuni ngoja niiketie," akasema Mzee. Akajitupa kitini, puu! "Kiti kikimwangusha mtu, wanakuja kubeba kabati la nani?"

"La kampuni. Kisheria kampuni ni mtu mbali na nyinyi, ina mali yake na mizigo yake. Mlichoweka humo kinaweza kupotea, ila cha nyumbani kinabaki nyumbani. Lakini mkidanganya, au mkichanganya vya nyumbani na vya kampuni, au ukijitia dhamana mwenyewe, sheria inaweza kukufuata mpaka chumbani."

"Kampuni ni mtu?"

"Ni mtu."

"Anakula?"

"Anakula karatasi, mzee! Kila mwaka ripoti, kila mwaka kodi. Na tuna mafunzo ya bure hapa ya namna ya kumlisha."

Mzee akainuka, akajitupa tena. Kiti kikalia kii, maskini. "Na mimi nikifa?"

Stapla akatazama sakafu.

"Ya mtu mmoja ungekwenda nayo. Kampuni inabaki. Hisa zako wanarithi uliowaacha."

Mara ya tatu akaketi polepole, macho kafumba. "Na tukigombana? Mimi na huyu mwanangu."

Mama akavua miwani. "Hapo sikufichi. Katiba ya kampuni ya mfano ninayo, lakini hiyo ni ya kila mtu. Cha kuwazuia nyinyi msigombane, andikeni wenyewe."

Stapla akatoa simu, akaandika, vidole mbio. Akasoma kwa sauti:

"Kiti hakitoki mpaka kiketiwe mara tatu na yule ambaye hakukitengeneza. Akikikataa, kinarudi mezani, bila kujali nani mzazi."

"Bila kujali nani mzazi?"

"Ndivyo nilivyoandika, baba."

"Yaani wewe uketie vyangu?"

"Na wewe vyangu. Vile viti vya ukumbi vingeketiwa na wewe, mgeni rasmi asingeteguka kiuno."

Mzee akaichukua simu, akayasoma maneno yale mwenyewe. Halafu akacheka, tumbo likacheka naye.

"Lete kalamu. Nusu yangu, nusu yake. Mkurugenzi mwandike yeye, mimi hizo karatasi za kumlisha siziwezi."

Alhamisi cheti cha kusajiliwa kampuni kikaingia kwenye simu. Stapla alikisoma mara saba, kila mara anaanzia kwenye majina mawili. Ijumaa asubuhi kikawa mezani kwa meneja.

Kiti cha kwanza cha kliniki alikitengeneza Mzee mwenyewe. Akakisogeza katikati ya karakana, akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani. Fundi baiskeli kaacha tairi, kaja kutazama.

Stapla akajitupa, puu! Mbao kimya. Akajitupa tena. Springi kimya. Mara ya tatu akafumba macho.

Kii.

Kidogo mno. Angeweza kukohoa, sauti hiyo ikapita.

"Baba... kinalia. Mguu wa nyuma, kushoto."

"Weee!" fundi baiskeli akashika kichwa. "Mtoto kakataa kiti cha mzee!"

Mzee akakipindua kiti, akaukandamiza ule mguu, akatega sikio. Kii. Akanyanyuka taratibu, akajaza kifua pumzi:

"Jamani mmesikia? Mkurugenzi wangu kakirudisha!"

Akakiinua kiti juu kwa mikono miwili, akatoka nacho hadi mlangoni, akasimama kidogo ili na wa ng'ambo ya barabara waone. Ndipo akakirudisha mezani.