Sharti la Katekista

Mwaka mzima nimekaa kwenye benchi la mafundisho ya ubatizo pamoja na watoto wadogo, magoti yananiuma, namjibu katekista Method maswali kama mwanafunzi. Nilivumilia. Nimezeeka, nataka kubatizwa kabla sijafa, moyo wangu utulie. Basi. Halafu Pasaka imekaribia, Method anakohoa na kuniita pembeni.

"Bibi Rhobi, kabla ya ubatizo Regina lazima aondoke nyumbani kwako."

Regina ni mke wangu. Sikujaliwa mtoto wa kiume, nikatoa ng'ombe nikamwoa kwa mila yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke kwa mwanamke, azae watoto wa boma langu. Wapo, wananiita bibi, na kijiji chetu chote cha Matongo kinawajua.

"Kanisa haliitambui ndoa hiyo," akasema Method.

"Mbona ugali wake unautambua?" nikamuuliza. Maana huyu kila akipita kwangu hukaa mpaka uive.

Akasema si yeye, ni utaratibu. Huyo utaratibu sijawahi kumwona, lakini kila anayeshindwa kunijibu ananielekeza kwake.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamkuta Regina anafunga nguo zake kwenye kitenge. Habari ilishafika kabla yangu.

"Nenda ukabatizwe, Mama," akasema bila kuniangalia. "Mimi nitarudi kwetu Busawe."

Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli. Nani ananikanda magoti usiku? Nani ananishika mkono kwenda kanisani? Hata Baba Yetu alinifundisha yeye, tukimenya mihogo, kabla Method hajajua kama nipo duniani. Leo wote wawili wananipangia roho yangu, na hakuna aliyeniuliza.

"Fungua hicho kitenge," nikamwambia. "Ng'ombe hawajakamuliwa."

Alilia, lakini alifungua.

Siku ya Pasaka tulienda wote. Watoto wa benchi langu walibatizwa mmoja mmoja, mimi nikabaki nimekaa. Niliitamani ile siku, sitadanganya. Regina akaanza tena kulia. Nikamshika mkono, nikainamisha kichwa na kusema kwa Kikurya, kwa sauti ambayo Method aliisikia vizuri:

"Mungu, mimi ni Rhobi. Huyu ni Regina, mke wangu. Ukinitaka, unajua tunapoishi."